Jaji Julia Sebutinde: kura yake ni ya nani?

Siku moja baada ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ile iliyoko The Hague ambayo wengi wanaiita ICJ, kutoa amri zake za Januari 26, 2024 katika shauri la Afrika Kusini dhidi ya Israel kuhusu vita vya Gaza, wazee wanaokunywa kahawa Makoroboi, hapa Mwanza mjini, walikuwa wameshalimaliza jambo hilo wao wenyewe. Majaji walikuwa 17, amri zilikuwa 6, na aliyezikataa zote 6 alikuwa mmoja tu, Julia Sebutinde, mama wa Uganda, jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa. Fundi mmoja wa kushona nyavu alisema bila kusita kwamba mama yule ametumwa na serikali yake. Kijana aliyekuwa akisoma habari kwenye simu akamjibu, "Hapana mzee wangu, balozi wa Uganda kule Umoja wa Mataifa amesema kura ile si msimamo wa Uganda." Mzee akaweka kikombe chini. "Haya, bwana mdogo. Kama si ya Uganda, ni ya nani?"

Swali hilo nimekaa nalo tangu siku ile. Wengi waliomsifu jaji huyo na wengi waliomlaani walianzia kwenye kura ile moja wakaishia hapo hapo. Mimi naona jibu linapatikana kwa kuifuata kazi yake tangu mwanzo, maana amekalia viti vya aina mbalimbali, ingawa magazetini vyote vinaandikwa kwa neno moja, ujaji. Kila kiti kina mwenye mamlaka ya kukuweka hapo, kina swali unaloulizwa, na kina mpaka ambao mamlaka yako hayauvuki. Mtu akivichanganya viti hivyo, hawezi kumwelewa aliyevikalia.

Sebutinde alizaliwa Entebbe Februari 28, 1954, ufukweni mwa ziwa hili hili tunaloogea na kuvua, akasoma shule ya msingi ya Lake Victoria huko huko Entebbe, kisha Gayaza na King's College Budo. Alipata shahada ya sheria Makerere mwaka 1977, akamaliza mafunzo ya uwakili mwaka 1978 na mwaka huo huo akaajiriwa Wizara ya Sheria. Sisi wa upande huu wa ziwa hatuhitaji kuelezwa mwaka 1978 ulikuwaje: Oktoba majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na kufikia Aprili 1979 wanajeshi wetu walikuwa wameshaingia Entebbe na Kampala. Kwa hiyo mwanasheria huyu alianza kazi chini ya utawala ambao neno la mtu mmoja lilikuwa juu ya sheria, akabaki katika wizara hiyo hadi mwaka 1990, huku serikali moja baada ya nyingine zikiingia na kutoka.

Mwaka 1990 alipata shahada ya uzamili katika sheria Edinburgh, akafanya kazi Jumuiya ya Madola, kisha akaenda Namibia, nchi iliyokuwa ndiyo kwanza imepata uhuru wake Machi 1990 na ambayo vitabu vyake vya sheria vilikuwa vimejaa maandishi ya watawala wa makaburu. Huko kazi yake ilikuwa kuandika miswada ya sheria. Kazi hii haionekani, na wanaosimulia maisha ya majaji huwa wanairuka, lakini mimi nadhani ndiyo iliyomjenga. Mwandishi wa sheria anaweza kushinda kutwa nzima akibishana na wenzake juu ya neno dogo kama "na". Kanuni ikisema mvuvi awe na leseni na kibali cha eneo, mwenye leseni peke yake amevunja sheria. Ikisema leseni au kibali, mtu yule yule yuko salama na mtumbwi wake haukamatwi. Aliyelelewa katika kazi hiyo, akipewa shauri, kabla ya kuuliza nani anaumia huuliza maandishi yanampa mamlaka gani. Wakati mwingine mazoea hayo yanakuwa ngao ya haki, na wakati mwingine yanamfanya aonekane mkavu mbele ya machozi ya watu. Nimeyaona yote mawili katika hukumu zake.

Mwaka 1996 aliteuliwa kuwa Jaji wa Mahakama Kuu ya Uganda. Utaratibu wao haukutofautiana sana na wetu: kwetu Rais huteua baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na kwao Rais huteua kwa ushauri wa tume kama hiyo na kwa idhini ya Bunge. Lakini sifa yake kwa Waganda wa kawaida haikutoka Mahakama Kuu. Ilitoka kwenye tume 3 za uchunguzi alizoziongoza: ya Jeshi la Polisi iliyoanza mwaka 1999, ya ununuzi wa helikopta mbovu za kijeshi mwaka 2001, na ya Mamlaka ya Mapato iliyoanza mwaka 2002.

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Tume si mahakama hata ikiongozwa na jaji. Mbele ya tume hakuna mshtakiwa na hakuna anayefungwa; kuna watu wanaoitwa kueleza, na mwisho kuna ripoti inayopelekwa kwa aliyeiunda, ambaye anaweza kuifanyia kazi au kuifungia kabatini. Watanzania tunalijua hili vizuri. Tume ya Jaji Francis Nyalali ya mwaka 1991 ilipendekeza vyama vingi ingawa watu wengi walioulizwa walitaka chama kimoja kiendelee, na serikali ikalikubali pendekezo hilo. Ripoti ya Jaji Joseph Warioba kuhusu rushwa ya mwaka 1996 ilisifiwa kila kona, na utekelezaji wake ukabaki mjadala kwa miaka mingi. Kwa maana hiyo, kama kuna kiti ambacho mzee wa Makoroboi angeweza kusema kwa haki kwamba jaji amewekwa na serikali na anaisikiliza serikali, basi ni kiti cha tume. Hata hivyo ni katika kiti hicho hicho ambapo Sebutinde aliwahoji hadharani maofisa wakubwa wa polisi, na akaongoza uchunguzi wa helikopta uliomgusa hata Jenerali Salim Saleh, mdogo wake Rais Museveni. Tume ya tatu, ile ya Mamlaka ya Mapato, iliishia katika mvutano ndani ya tume yenyewe. Anayedai kwamba mama huyu anapokea maagizo kutoka Kampala anapaswa kwanza kueleza tume ya helikopta.

Mwaka 2005 alihamia Mahakama Maalumu ya Sierra Leone, na ninaomba msomaji anivumilie nikae hapa kidogo, kwa sababu ndipo palipotokea mambo mazito zaidi katika kazi yake, na ndipo pasipozungumzwa.

Mahakama hiyo ilikuwa mchanganyiko. Ile ya Rwanda iliyokuwa Arusha iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Hii ya Freetown ilizaliwa na mkataba wa mwaka 2002 kati ya Umoja wa Mataifa na serikali ya Sierra Leone, na majaji wake baadhi waliteuliwa na serikali hiyo na wengine na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Ilishtaki watu, si nchi. Sebutinde alikaa katika chumba cha pili cha mahakama pamoja na Teresa Doherty wa Ireland ya Kaskazini na Richard Lussick wa Samoa. Juni 20, 2007 majaji hao 3 waliwatia hatiani viongozi 3 wa kundi la wanajeshi waasi la AFRC, na hukumu hiyo ikawa ya kwanza katika mahakama yoyote ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kuwaingiza watoto vitani.

Ndani ya hukumu hiyo kulikuwa na swali la wasichana. Waasi walikuwa wakivamia vijiji, wanawachukua mabinti, wanawagawa kwa wapiganaji, na kila binti anaambiwa kwamba mtu fulani sasa ni mume wake. Alimpikia, alimfulia, alimbebea mizigo porini, alilazimishwa kulala naye, alimzalia. Akikataa, anapigwa au anauawa. Vita vilipokwisha, wengi wao walirudi makwao wakaendelea kuitwa wake wa waasi. Upande wa mashtaka uliwaomba majaji waitambue "ndoa ya kulazimishwa" kuwa kosa linalojitegemea miongoni mwa makosa dhidi ya ubinadamu. Sebutinde na Lussick walikataa, wakisema ushahidi wote uliotolewa ni wa utumwa wa ngono, kosa ambalo tayari lina jina na adhabu, na kwamba hakuna kilichobaki cha kuundia kosa jipya. Sebutinde aliongeza maoni yake mwenyewe, akitenganisha ndoa zinazopangwa na wazazi wakati wa amani, hata pale ambapo binti hakuulizwa vya kutosha, na utekaji huu wa vitani ambao hakuna mzazi wala mila iliyouridhia. Doherty hakukubaliana nao. Yeye aliona kwamba kumbandika binti jina la mke ni jeraha la peke yake, lisilokwisha hata akitoroka kambini.

Rufaa ilisikilizwa, na Februari 22, 2008 majaji wa rufaa wakasema Sebutinde na mwenzake walikosea: ndoa ya kulazimishwa ni tendo lisilo la kibinadamu lenye madhara yake, tofauti na utumwa wa ngono. Hawakuongeza hatia mpya kwa washtakiwa, lakini sheria ilikuwa imeshabadilika.

Nimesoma hoja za pande zote mbili mara kadhaa, na moyo wangu uko kwa Doherty na majaji wa rufaa. Anayeishi Kanda ya Ziwa anajua jina linavyoweza kumfuata mwanamke. Msichana aliyewahi kuitwa mke wa mtu, hata kwa nguvu, hata kwa wiki 2, akirudi nyumbani haulizwi alifanyiwa nini. Anaulizwa mume wake yuko wapi. Lakini siwezi kumdharau Sebutinde katika jambo hili. Kuna uzito katika kukataa kuliita jambo lile ndoa kabisa, maana ukilipa jina hilo, hata kwa nia ya kuliadhibu, umeshamwazima mhalifu neno la heshima. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ni ya hiari, na isiyo na hiari si ndoa. Katika hukumu ya mwaka 2012 ya Charles Taylor, Rais wa zamani wa Liberia, chumba kile kile cha mahakama kilirudi kwenye suala hilo na kusema kwamba neno "ndoa" linapotosha, kwa kuwa yaliyotendeka yalikuwa utumwa ndani ya sura ya ndoa. Mjadala wa wanasheria haujaisha hadi leo, na alama ya Sebutinde imo ndani yake.

Kesi ya Taylor, aliyeshtakiwa kwa kuwasaidia waasi wa Sierra Leone, ilihamishiwa The Hague kwa sababu za usalama na ikaanza kusikilizwa mwaka 2007. Iko siku moja ya kesi hiyo ambayo ningependa kila anayemjadili Sebutinde aifahamu. Mwanzoni mwa mwaka 2011 mawakili wa Taylor walichelewa kuwasilisha majumuisho yao ya maandishi, yaani ile hoja ndefu ya mwisho ambamo utetezi unakusanya ushahidi wote na kueleza kwa nini mteja wao aachiwe huru. Majaji 2 waliikataa kwa sababu muda ulikuwa umepita. Sebutinde alipinga. Wakili mkuu wa Taylor akatoka nje ya ukumbi wa mahakama kwa hasira, akaitwa kujieleza mbele ya majaji kwa utovu wa nidhamu, na siku ya kikao hicho kiti cha Sebutinde kilikuwa wazi: alikuwa amekataa kuhudhuria kwa sababu ya msimamo wake. Kikao kikavunjika. Machi mwaka huo majaji wa rufaa waliamua kwamba majumuisho yale yapokelewe.

Mtu aliyekuwa akitetewa hapo hakuwa na mtetezi katika vijiwe vyetu. Watu wachache barani Afrika walichukiwa kama Taylor wakati ule. Sebutinde hakumpenda wala hakumwonea huruma: Aprili 26, 2012 alikuwa mmoja wa majaji waliomtia hatiani kwa makosa yote 11, na mwezi uliofuata wakampa kifungo cha miaka 50, ambacho rufaa ilikithibitisha Septemba 2013. Ndiyo maana siku ile ya 2011 ina maana. Alisimama peke yake kwa ajili ya haki ya kusikilizwa ya mtu ambaye baadaye alimfunga. Tukiziweka pamoja 2008 na 2011, tunaona jaji ambaye wenzake wa ngazi ya juu walimpindua mara moja na kumwunga mkono mara nyingine, na ambaye kusimama kando na wenzake hakukumtisha hata kidogo.

Alipokuwa akisoma hukumu ya Taylor pamoja na wenzake, alikuwa tayari ameanza muhula wake katika ICJ, Februari 6, 2012, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika katika mahakama hiyo na wa 4 tangu ilipoundwa mwaka 1945. Namna alivyoingia inafaa kuelezwa, maana sehemu kubwa ya jibu la swali la mzee iko hapo.

Jaji wa ICJ hateuliwi na serikali yake. Anapendekezwa na kikundi cha wanasheria wa nchi, kisha jina lake linapigiwa kura katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa na katika Baraza la Usalama, kila baraza peke yake lakini kwa wakati mmoja, na ni lazima apate zaidi ya nusu kotekote. Kura ya turufu haitumiki. Majaji ni 15, hakuna nchi inayoruhusiwa kuwa na 2, na muhula ni miaka 9. Mwishoni mwa mwaka 2011 viti 4 kati ya 5 vilipata wenyewe mapema; cha 5 kilikwama kati ya Sebutinde na Abdul Koroma, jaji aliyekuwa akikitetea kiti chake, raia wa Sierra Leone, nchi ile ile ambayo Sebutinde alikuwa akisikiliza kesi zake. Duru zilirudiwa na kurudiwa. Desemba 13 Sebutinde alipata kura 9 kati ya 15 za Baraza la Usalama na 97 za Baraza Kuu, ambalo lina nchi 193. Nusu ya 193 ni 96 na kipande. Aliingia kwa idadi ile ile iliyohitajika, bila hata kura moja ya ziada. Novemba 2020 alichaguliwa tena.

Akishaingia, haondolewi na nchi yake. Kampala haiwezi kumrudisha nyumbani kama inavyomrudisha balozi, na ndiyo sababu balozi wa Uganda aliweza kusema kura ile si ya Uganda bila kuwa na la kumfanya aliyeipiga. Anaweza kuondolewa kwa njia moja tu, ya majaji wenzake wote kukubaliana kwamba hafai tena.

Kuna jambo linalowachanganya hata mawakili. Sheria ya mahakama hiyo inamruhusu jaji kusikiliza shauri hata kama nchi yake ni mdaawa. Badala ya kumtoa, inaipa nchi isiyo na raia wake katika jopo haki ya kuteua jaji wa shauri hilo moja; ndiyo maana katika shauri la Afrika Kusini na Israel majaji walikuwa 17. Ziwa letu lina mfano mzuri. Kongo ilipoishtaki Uganda kwa vita vya mashariki mwa nchi hiyo, hapakuwa na Mganda katika jopo, na Uganda ikamteua Mtanzania, James Kateka, kuwa jaji wake katika shauri hilo. Mwaka 2005 mahakama iliona Uganda ina makosa, na Kateka akaandika maoni ya kupinga. Shauri liliporudi kwa ajili ya fidia, Sebutinde alikuwa ameshakuwa jaji wa kudumu, kiti cha Kateka kikawa hakihitajiki tena, na safari hii ni Kongo peke yake iliyoteua jaji wa muda. Februari 9, 2022 Uganda iliamriwa kulipa dola milioni 325.

Na kujitenga na waliokuweka si jambo la The Hague tu. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu hapa hapa Mwanza, Jaji James Mwalusanya alisikiliza shauri la mwanamke wa Muleba aliyeuza shamba alilorithi, na ambaye ukoo ulimkatalia kwa sababu mila ya Kihaya haikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji aliisoma Katiba na mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania iliridhia, akasema mila hiyo ya ubaguzi haiwezi kusimama. Kura yake haikuwa ya ukoo, wala ya serikali, wala ya wanawake. Ilikuwa ya maandishi aliyoyasoma, kwa namna alivyoyasoma.

Sasa turudi kwenye Januari 2024. Afrika Kusini haikuiomba mahakama siku ile iseme kwamba Israel imetenda mauaji ya kimbari. Iliomba amri za muda, na amri ya muda ni ndugu wa zuio tunalolijua sisi. Mtu wa Buswelu anayegombania kiwanja na jirani yake hukimbilia Baraza la Ardhi kuomba zuio kabla msingi haujachimbwa, kwa kuwa kesi yenyewe inaweza kuchukua miaka 3 na nyumba itakuwa imeshaezekwa. Mahakama zetu hufuata kipimo cha shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la mwaka 1969: je, kuna hoja ya maana ya kusikilizwa, je, madhara yatakuwa yasiyorekebishika, na je, nani ataumia zaidi zuio likitolewa au likinyimwa. Hakuna anayeulizwa hati ya mwisho ya umiliki siku hiyo. ICJ ina kipimo kinachofanana na hicho: haki inayodaiwa iwe inaweza kuaminika kuwapo, iwe na uhusiano na amri inayoombwa, na kuwe na hatari ya haraka ya madhara yasiyoweza kurudishwa.

Sebutinde aliandika kwamba mgogoro ule kwa asili yake ni wa kisiasa na wa kihistoria, unaohitaji diplomasia, na kwamba Afrika Kusini haikuonyesha, hata kwa kiwango cha awali, nia ya kuangamiza, ambayo ndiyo roho ya kosa la mauaji ya kimbari. Bila nia hiyo, kwa hoja yake, haki zilizodaiwa hazikuingia ndani ya mkataba wa kuzuia mauaji ya kimbari, na mahakama haikuwa na la kuzuia. Hata Aharon Barak, jaji aliyeteuliwa na Israel, aliunga mkono amri 2, ile ya kuzuia uchochezi na ile ya misaada ya kibinadamu. Amri hizo zilipita kwa 16 dhidi ya 1, na nyingine 4 kwa 15 dhidi ya 2.

Kwa maoni yangu alikosea, na nasema hivyo kwa uchungu kwa sababu wakati huo watu walikuwa wakifa kila siku. Alidai katika hatua ya zuio kitu ambacho mahali pake ni katika hukumu. Mwenye kiwanja hawezi kunyimwa zuio kwa kuwa hajathibitisha kila kitu, ilhali hajapewa nafasi ya kuthibitisha. Lakini hilo ni kosa la kupima, linalojibiwa kwa hoja za sheria, na linalingana na mwandishi wa miswada tuliyemwona Namibia: maandishi ya mkataba yanataka nia, basi nionyesheni nia. Halithibitishi kwamba alitumwa. Mwaka 2019, katika maoni ya ushauri kuhusu visiwa vya Chagos katika Bahari ya Hindi, ambavyo Uingereza ilivitenga na Mauritius, Sebutinde aliwalaumu wenzake kwa kutofika mbali vya kutosha. Alitaka waseme waziwazi kwamba haki ya watu kujiamulia mambo yao ni miongoni mwa kanuni za juu ambazo nchi yoyote, ikiwamo Uingereza, haiwezi kuzivunja. Anayemwona kama mtumishi wa mataifa makubwa atalazimika kueleza Chagos. Na anayemwona kama mtetezi wa wanyonge kila mahali atalazimika kueleza Julai 19, 2024, siku mahakama hiyo hiyo iliposema kwa kura 11 dhidi ya 4 kwamba Israel kuendelea kuwapo katika maeneo ya Wapalestina inayoyakalia ni kinyume cha sheria, naye akiwa miongoni mwa wale 4.

Februari 2024 majaji wenzake, wengi wao wale wale waliotofautiana naye siku chache zilizotangulia, walimchagua kuwa Makamu wa Rais wa mahakama. Januari 14, 2025, Rais wa mahakama Nawaf Salam alipojiuzulu akawe Waziri Mkuu wa Lebanon, Sebutinde alikaimu nafasi hiyo hadi Machi 3, Yuji Iwasawa wa Japani alipochaguliwa. Majuma yale 7 yalizua hofu mitandaoni kwamba ataifuta kesi ya Afrika Kusini. Hakuwa na mamlaka hayo. Rais wa ICJ huongoza vikao na kusimamia shughuli, lakini katika kuamua ana kura moja kama wengine, na ya ziada hupata pale tu kura zinapolingana.

Shauri lenyewe la Afrika Kusini lina hatua zake, na katika hukumu ndipo swali la nia litakapoulizwa mahali pake, kwa kipimo kigumu ambacho mahakama ilikirudia mwaka 2015 kati ya Croatia na Serbia: nia ya kuangamiza iwe ndiyo maana pekee inayoweza kutolewa kutokana na matendo yaliyothibitishwa. Muhula wa Sebutinde unaisha Februari 2030. Sheria ya mahakama inasema jaji anayeondoka huyamaliza mashauri aliyokwisha kuyaanza, kwa hiyo kama kura yake itakuwamo au haitakuwamo inategemea siku ambayo mawakili watasimama kuanza kuyazungumza. Nilimweleza hivyo mzee wa nyavu wiki iliyopita. Alifikiri kidogo, akauliza kama huyo atakayerithi kiti hicho atatoka tena upande wetu wa ziwa, nikamwambia hilo litaamuliwa New York, kwa kura za mabaraza mawili.